Koti Lisilo na Doa la Kemia

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo haijawahi kunizeekea. Mimi mwenyewe nimezeeka. Baridi ya hapa New Hope, Marekani, ikianza, magoti yangu huamka kabla yangu na kuanza kulalamika. Lakini siku ile ingali mbichi, na harufu yake ya sabuni na mvuke naisikia mpaka leo.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri kujua kama nimechaguliwa kuendelea na cha tano. Baba yangu alikuwa dobi wa hospitali ya misheni, kule Nyanda za Juu Kusini nilikozaliwa. Alifua mashuka ya wodi na makoti ya madaktari, akayaanika, akayapiga pasi ya mkaa na kuyakunja. Kiswahili alikisoma vizuri sana, Biblia aliimaliza zaidi ya mara moja, lakini Kiingereza hakukijua. Siku hiyo alirudi kutoka posta akitembea haraka kuliko kawaida yake, akanikuta nakamua mashuka, akanipa barua. Ilikuwa ya Kiingereza.

"Soma," aliniambia. "Wamekupa masomo ya udaktari?"

Barua ilisema nimechaguliwa mchepuo wa HGL, yaani historia, jiografia na Kiingereza. Masomo ya udaktari, enzi zile kama sasa kule nyumbani, yaliitwa PCB: fizikia, kemia na bayolojia. Niliitazama ile barua, kisha nikamtazama baba, mikono yake imejikunja ngozi kwa maji, anasubiri.

"Ndiyo, baba," nikasema.

Kabla sijaendelea, nikueleze kwa nini nimeifukua habari hii ya zamani. Mwezi wa pili mwaka huu nilikuwa ndani ya gari la msichana mmoja tunayesali naye. Ameniruhusu nisimulie, ila jina nimembadilishia, tumwite Neema. Ana miaka kumi na sita, anaishi Champlin na mama yake, na kila Jumamosi hunipitia hapa New Hope tukaenda Brooklyn Park kununua unga na mchicha kwenye duka la Waafrika. Leseni yake ni mpya, mama yake anataka azoee barabara, na mimi napata usafiri. Neema huniongelesha kwa Kiingereza, nami namjibu kwa Kiswahili, na tunaelewana bila shida.

Siku hiyo alishika usukani kwa mikono yote miwili. Tulipita barabara ya 169 theluji ikiwa imerundikwa pande zote mbili, yeye kakaza macho mbele. Tulipofika kwenye maegesho ya duka hakuzima gari. Akaniambia, na safari hii kwa Kiswahili chake cha kuchanganya:

"Bibi, nime-drop chemistry. Mama hajui."

Nikamwomba aliache gari lingurume ili tusigande, anieleze taratibu. Shuleni kwao walikuwa wanajaza fomu za masomo ya miaka miwili ya mwisho, na kwenye rasimu yake alikuwa ameiondoa kemia. Sayansi ya mwaka huu ilikuwa imemwendea vibaya, mwalimu anakwenda mbio, na rafiki yake wa karibu anachukua masomo mengine, naye hataki kubaki peke yake darasani. Fomu inafungwa Ijumaa. Na mama yake, ambaye analea wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na wiki nyingine anapiga shifti mbili mfululizo, keshawaambia watu kanisani kwamba binti yake ndiye atakayekuwa daktari. Kila akimsikia mama akisema hivyo, Neema anaangalia viatu vyake.

Mwanangu, nilipomsikiliza yule mtoto nilijisikia mimi mwenyewe nikiongea. Basi nilimsimulia, kama ninavyokusimulia wewe.

Mimi nilitaka kweli kuwa daktari. Nilikulia uani mwa hospitali, nikiwaona akina mama wakiingia wamebebwa kwenye machela na kutoka kwa miguu yao, mtoto mgongoni. Bayolojia niliipenda, kemia nilielewana nayo. Fizikia ndiyo ilinitesa. Mwalimu wetu alikuwa na tabia ya kumsimamisha mtu ubaoni na kumwacha hapo mpaka apate jibu, na siku moja aliniacha mimi kipindi kizima. Wenzangu walicheka, kisha wakaacha kucheka, na kule kunyamaza kwao kuliniuma zaidi. Mtihani wa moko, ule wa kujipima kabla ya mtihani wa mwisho, nikapata alama kumi na tisa kwa mia.

Wiki ileile tukaletewa fomu za kuchagua mchepuo. Nilikuwa nimekwisha kuandika PCB kwa penseli, kama tulivyokubaliana na baba. Rafiki yangu Salome, tuliyelala kitanda kimoja cha ghorofa, yeye juu na mimi chini, alikuwa ameandika HGL. Akaniambia tukienda pamoja tutaendelea kuwa pamoja. Nikachukua kifutio. Haikuchukua hata dakika moja, nikaandika kwa kalamu ya wino kile alichoandika Salome.

Matokeo ya mwisho yalipotoka, fizikia nilipata C. Kumbe sikuwa mjinga kiasi nilichodhani. Lakini fomu ilikwisha kwenda, na sasa barua imerudi. Salome naye alipangiwa shule nyingine kabisa, mkoa wa mbali, tukaandikiana barua tatu au nne kisha kila mmoja akashika maisha yake. Kwa hiyo nilibaki na masomo ya rafiki bila rafiki.

Baba hakujua lolote kati ya hayo. Jioni ileile ya barua alipita wodi hadi wodi akigawa mashuka safi, na kwenye kila kitanda alitoa habari. Alimwambia daktari, alimwambia mpishi, alimwambia hata mgonjwa aliyekuwa ameletwa asubuhi na ambaye hakujua mimi ni nani. Kisha akamwendea fundi cherehani wa hospitali, akaomba koti moja kuukuu la daktari lipunguzwe mikono na mabega linitoshe. Alisikia kwamba wanafunzi wa kemia huvaa makoti kwenye mazoezi ya maabara. Alilifua mwenyewe, akalipiga pasi, akalikunja kama alivyokunja ya madaktari, akaniwekea kwenye sanduku juu ya nguo zangu zote.

Nilipofika shuleni nililihamisha, nikaliweka chini kabisa.

Mwaka wa kidato cha tano ulipita. Jiografia niliipenda, siwezi kusema uongo wa pili. Ramani zilinivutia, na mwalimu wake alinisifu. Lakini kila barua ya baba ilipofika, aliuliza kemia inakwendaje, na kila mara nilijibu inakwenda vizuri. Uongo wa namna hiyo, mwanangu, unahitaji kulishwa. Nilianza kuwauliza wasichana wa PCB wamefundishwa nini wiki hii ili nipate cha kuandika. Niliwahi kumweleza baba ukurasa mzima jinsi tulivyopasua chura, chura ambaye sikumwona.

Likizo ikafika. Baba akafurahi, akamwomba muuguzi mkuu, Sista Adelina, anipokee niwe nasaidia kidogo hospitalini ili nisisahau masomo. Sista Adelina alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye sauti ya chini, na wauguzi wote walimwogopa ingawa sikuwahi kumsikia akimfokea mtu. Nilivaa lile koti, ningefanyaje, nikaenda. Siku ya kwanza nilikunja bandeji. Siku ya pili alinipa chupa ya dawa kali ya kusafishia vidonda, akaniomba niichanganye na maji iwe ya nguvu ndogo, akanitajia kipimo anachotaka. Kazi ya mwanafunzi yeyote wa kemia, lakini mimi mwaka mzima sikuwa nimegusa chupa wala kipimo. Nikasimama na ile chupa kama nilivyosimama zamani ubaoni.

Sista aliniondolea chupa mkononi polepole, akaiweka mezani. Akanishika upindo wa koti, akaugeuza, akautazama ndani na nje.

"Yusta," alisema, "nimesoma na watu wa kemia. Makoti yao yana madoa, yana matundu ya asidi, na sabuni ya baba yako haiwezi kuyatoa. Hili lako mikunjo ya pasi haijaisha. Unasoma nini?"

Nikamwambia. Sikulia, nilidhani ningelia lakini machozi hayakuja. Nilimweleza fizikia, ubao, Salome, kifutio, barua, kila kitu mpaka yule chura. Alinisikiliza akiwa amekaa kwenye kiti cha wagonjwa. Nilipomaliza nilitegemea anisute kwa kuukimbia udaktari. Hakuligusa kabisa hilo.

"Fizikia inawashinda wengi, na watu wanaishi," alisema. "Ila baba yako anazunguka wodi zangu kila siku akitangaza jambo, na wewe peke yako ndiye unayejua si kweli. Umemwacha mzee wa watu asimame peke yake mbele ya watu bila kujua kwamba yuko peke yake. Hilo ndilo la kuona aibu. Mimi sitamwambia. Utamwambia wewe, kesho kabla hajaanza kugawa mashuka."

Nilikwenda asubuhi. Baba alikuwa kwenye pipa la maji ya moto, anageuza mashuka kwa fimbo. Nikamwambia kwa sentensi fupifupi, nikiogopa nikinyamaza katikati nisingeanza tena. Aliendelea kugeuza mashuka. Kisha akaweka fimbo kando akaniuliza kama haya masomo ninayosoma nayapenda. Nikamjibu jiografia naipenda, lakini sikuichagua kwa kuipenda. Niliikimbia fizikia, na nilimfuata mtu.

Alipunguza kuni chini ya pipa. Maneno aliyosema baadaye nimeishi nayo zaidi ya miaka hamsini.

"Ungeniambia unaogopa," alisema, "tungeogopa wawili."

Hakunipiga, wala hakunifukuza. Lakini alipopakia mashuka kwenye toroli aliniambia nishike upande mmoja. Tukapita wodi zote. Kila mtu aliyekuwa amemtangazia, alisimama mbele yake akamwambia, kwa heshima, kwamba ile habari ya masomo ya udaktari haikuwa sahihi, binti anasoma masomo mengine. Hakusema nilidanganya. Alisema haikuwa sahihi, basi, na mimi nimesimama pembeni yake nimeshika toroli. Daktari alimpa pole. Mpishi alimuuliza maswali mengi. Fundi cherehani alitikisa kichwa tu akaendelea kushona. Tulipomaliza wodi ya mwisho mashati yetu yalikuwa yamelowa jasho, na asubuhi ile ilikuwa ya baridi. Sijawahi kumpenda baba yangu kama nilivyompenda siku hiyo, na sijawahi kutamani ardhi inimeze kama siku hiyo.

Shule ilipofunguliwa nilimwendea mkuu wa shule. Nilikuwa nimejiandaa kusikia kwamba haiwezekani. Aliniambia inawezekana, ila mwaka wangu umepotea: nitaanza upya kidato cha tano pamoja na wasichana wapya wanaoingia, na nikishindwa safari hii nisimrudie. Nikakubali. Mwaka huo nilikaa na watoto ambao mwaka uliotangulia wangeniamkia. Fizikia iliendelea kunitesa. Tofauti ni kwamba sasa nilimwandikia baba ukweli. Nilimwandikia nimepata ishirini na sita, baadaye thelathini na moja, naye alinijibu kwa zile herufi zake kubwa kwamba ameona imepanda. Na lile koti niliunguza mkono wa kulia kwa asidi wiki ya pili tu.

Utapenda kusikia kwamba nikawa daktari. Sikuwa. Kemia na bayolojia nilifanya vizuri, fizikia nikapata alama ya chini kabisa ya kufaulu, na nafasi za udaktari zikawaendea wengine. Nililia wiki mbili. Kisha nikaenda chuo cha teknolojia ya maabara, nikafanya kazi hiyo miaka thelathini na moja, nikitazama damu za watu kwa hadubini. Ni kazi ambayo mgonjwa hakuoni uso, wala hakumbuki jina lako. Niliipenda mno. Baba hakuona upungufu wowote. Kwa watu wake wa wodini alikuwa na namna yake ya kulieleza: "Binti yangu ndiye anayewaambia madaktari mtu anaumwa nini." Na safari hii ilikuwa sahihi, au karibu na sahihi.

Nilipomaliza kusimulia, vioo vya gari la Neema vilikuwa vimejaa ukungu. Aliniuliza jambo moja tu, kama baba alikasirika. Nikamwambia sijui, alinificha kama alikasirika. Tukaingia dukani tukanunua mchicha.

Siku mbili baadaye alimwambia mama yake. Mama Neema mwenyewe alikuja kunisimulia. Alikuwa ametoka kazini, hata koti la baridi hajavua, binti akamsimamisha mlangoni. Anasema alikasirika kweli, akamuuliza anadhani yeye anageuza wazee vitandani usiku na mchana kwa ajili ya nini. Halafu Neema akamjibu kwamba hajui kama anataka udaktari, na kwamba anaogopa kusema hivyo kwa sababu kila mtu kanisani ameshajua. Mama Neema akakaa kwenye ngazi na viatu vyake vya theluji. Akaniambia, "Bibi Yusta, nilikuwa sijawahi kumuuliza. Nilikuwa namwambia tu."

Kabla ya Ijumaa walikwenda wote wawili kumwona mshauri wa masomo wa shule. Neema ameirudisha kemia, ile ya kawaida, si ile ngumu ya kiwango cha chuo aliyokuwa anaiogopa, na mshauri amemtafutia msaada wa ziada mara mbili kwa wiki baada ya vipindi. Bayolojia amebaki nayo. Ameacha nafasi moja kwa somo la ufinyanzi, maana anapenda kufinyanga, na mama yake amekubali kwa kuguna. Rafiki yake hayumo kwenye darasa hata moja. Udaktari bado hajui, na Jumapili iliyopita mama yake alipoulizwa na mtu alisema mtoto bado anatazama. Nilimsikia kwa masikio yangu.

Sasa wewe, mwanangu, unayekaa na fomu yako mbele yako, iwe hapa, iwe nyumbani, nisikilize.

Kama udaktari umo moyoni mwako hata kidogo, kemia usiiachie. Wengi hudhani bayolojia ndiyo mlango mkuu kwa sababu inahusu mwili, lakini kemia ndiyo inayoulizwa karibu kila mahali, na anayeikosa ndiye anayerudishwa nyuma. Chukua bayolojia pamoja nayo. Hesabu usizipe kisogo. Fizikia, kule nyumbani utaihitaji, na hapa utakutana nayo chuoni ukipenda usipende, bora muonane mapema. Wala usiniamini mimi tu, wala shangazi yako, wala mtu wa kanisani aliyesoma zamani. Nenda kwenye vyuo vyenyewe uangalie wanataka nini mwaka huu, maana mambo hubadilika. Hapa Marekani njia ni ndefu, unasoma kwanza shahada ya kawaida ndipo uombe shule ya udaktari, kwa hiyo somo moja uliloliacha ukiwa na miaka kumi na sita halikufungii maisha. Linakuchelewesha tu, nami najua kuchelewa kulivyo.

Usichague somo kwa sababu rafiki amelichagua. Usiliache kwa sababu ya mwalimu mmoja, au siku moja mbaya mbele ya wenzako. Ukitaka kuliacha, liache kwa kuwa umelijaribu kwa haki ukaona moyo wako uko kwingine, na hapo usione aibu, nenda huko kwingine kwa nguvu zako zote. Bakiza somo moja unalolipenda bure, lisilo na kazi mbele yake. Hilo ndilo litakalokulisha siku mengine yakikuchosha. Na ujue kwamba hospitali ni kubwa kuliko daktari. Kuna anayepima damu, anayepanga dawa, anayefundisha mguu uliovunjika kutembea tena, na wote walianza kwa masomo hayohayo.

Lakini juu ya yote, usimwache mzazi wako asimame peke yake akitangaza jambo ambalo si kweli. Mwambie. Mwambie ungali unatetemeka. Pengine atapandisha sauti, pengine atakaa kwenye ngazi anyamaze, lakini baada ya hapo mtakuwa wawili.

Mungu akupe akili nyepesi na moyo thabiti usioyumba. Akupe walimu wenye subira, na wazazi wanaouliza kabla ya kusema. Kazi yoyote utakayoishika, ikubariki wewe na wale utakaowahudumia, na siku moja na wewe uzeeke vizuri, ukiwa na mtu wa kumsimulia ulikosea wapi.